Picha za Kila Robo Saa

Siku ya hamsini na moja ya eda yake, Mwanamkuu aliletewa uji na tuhuma katika safari moja. Aliyevileta vyote viwili alikuwa Siwema, mke wa shemeji yake, ambaye kila asubuhi saa moja alishushwa na pikapu ya mumewe mbele ya nyumba ile ya Mtaa wa Narung'ombe, chupa ya uji mkononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona uso umekuvimba hivyo? Uji umeungua?"

"Uji mzima. Wewe ndiye umeungua." Siwema aliweka chupa mezani, akashusha sauti ingawa chumbani hamkuwa na mtu wa tatu. "Shemeji yako Fikirini anasema unatoka."

"Natoka wapi?"

"Eda. Anasema unatoka kwa mlango wa uani. Jumatano mbili hizi, saa tano na nusu unatoka, saa saba unarudi. Ana picha."

"Picha gani? Mara ya mwisho nimepigwa picha kwenye harusi ya Najma, na macho nilifumba."

"Za intaneti."

Mwanamkuu alimimina uji, akanywa funda moja, akaona sukari haitoshi, akanywa hivyo hivyo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwembamba, asiyependa kuharakishwa na habari mbaya. "Haya, nieleze hiyo intaneti. Si ndiwe msomi?"

Siwema alikuwa msomi kweli, ila waliolijua hilo walikuwa wawili tu, na wote walikuwa chumbani mle. Fikirini alimleta pale kila siku amlinde mjane wa kaka yake kuanzia saa moja hadi saa tano, kisha arudi nyumbani kupika. Siku nyingine zote Siwema alimlinda, maana yake walichambua mchele na kusengenya. Lakini Jumatano, saa mbili na nusu, alivaa buibui, akasimama kwenye mlango wa uani mpaka uchochoro uwe mtupu, halafu akakata mitaa hadi Mnazi Mmoja kwenye darasa la kompyuta la Mwalimu Winifrida. Saa nne alikuwa amerudi. Ada aliilipa kwa bangili moja ambayo mumewe aliambiwa imetumbukia chooni. Wiki ya kwanza walifundishwa kuwasha. Wiki ya pili walifundishwa kuzima, kwa sababu Winifrida alisema kuzima ndiko kugumu.

Akaeleza. Alpesh, jirani aliyekuwa anajenga ghorofa upande wa kaskazini, ana kaka yake London anaitwa Sagar. Sagar ndiye anayetoa nusu ya gharama, na haamini kwamba saruji anayoilipia inaingia yote kwenye nguzo. Kwa hiyo alituma kamera ndogo, ikafungwa kwenye paa la duka la Alpesh ng'ambo ya uchochoro. Kila robo saa inapiga picha moja na kuituma London, na huko picha zinawekwa kwenye ukurasa wa intaneti. Chini ya picha kuna mstari wenye kifundo. Ukikivuta kifundo kushoto unarudi wiki zilizopita, ukikivuta kulia unakuja leo, na ukibonyeza kitufe cha pembeni, ghorofa linaota mbele ya macho yako kama uyoga.

"Sasa mimi na uyoga wa Alpesh wapi na wapi?"

"Kona ya chini, dada. Kona ya chini ya kila picha ni uani kwako."

Mwanamkuu aligeuka kutazama dirishani, kuelekea uani, kwenye nguzo ya kamba ya nguo, ndoo na jiko. Kisha akaisogeza shela kichwani, ingawa alikuwa ndani.

"Saa tano na nusu wewe umeshaondoka," alisema.

"Ndiyo. Ndiyo maana nakuuliza." Siwema alikaa kitandani karibu naye. "Ulitoka?"

"Siwema."

"Nauliza tu. Kama ulitoka, mimi wa kukulaumu ni nani?"

Jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha sana. Marehemu Mwinchande aliacha mjane mmoja, binti mmoja na ndugu mmoja. Kwa hesabu ya mirathi, nyumba ikigawanywa vipande vinane, mjane ana kimoja, binti Najma aliyeko Muscat ana vinne, na Fikirini ana vitatu. Alpesh alitaka kununua yote, na alitaka jibu kabla ya mwezi kwisha. Kikao cha familia, siku ya khitma, kiliamua nyumba isiguswe mpaka mjane amalize eda na Najma aje mwezi wa nne kusimamia mirathi. Lakini Fikirini alikuwa ameomba kauli moja iongezwe: mjane akiivunja eda, amejitoa mwenyewe chini ya ulinzi wa kikao, na ndugu wa marehemu ataendelea na mauzo. Kila mtu aliitikia, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba Mwanamkuu, aliyekuwa hatoki hata wakati anaruhusiwa, angetoka sasa.

*

Fikirini alikuja mwenyewe baada ya Alasiri, akakaa barazani upande wa pili wa pazia la mlangoni, kwa kuwa shemeji si maharimu.

"Shemeji, hii ni aibu," alianza. "Mimi sikutafuta. Nilikuwa naangalia ghorofa la jirani tu, pale kwenye duka la intaneti la Melkiori, Mtaa wa Aggrey."

"Uliliangalia siku ngapi?"

"Kama siku tatu."

"Limefika orofa ya ngapi?"

"Nne. Au tano."

"Na uani kwangu, juzi, kulikuwa na kanga ngapi kwenye kamba?"

"Tatu," alisema Fikirini, halafu akakohoa.

"Siku tatu unatazama ghorofa, orofa huzijui, kanga za mwanamke wa eda umezihesabu."

"Shemeji, usigeuze maneno. Picha ipo. Mwanamke wa buibui jeusi, mlangoni kwako, na saa imeandikwa."

"Nataka niione."

"Haki yako. Vaa twende kwa Melkiori, si mbali, dakika kumi tu."

Siwema, aliyekuwa amekuja na mumewe na kuketi upande wa wanawake, alimfinya Mwanamkuu paja. Hakukuwa na haja.

"Rudia hilo kwa sauti, shemeji," Mwanamkuu alisema. "Rudia kwamba umeniita nitoke. Nimwite mpangaji wangu Candida awe shahidi."

Hakurudia. Ndipo ikakubaliwa kwamba, kwa kuwa mjane hawezi kwenda kwenye kompyuta, kompyuta itakwenda kwa mjane, Jumapili, mbele ya Shehe Abdulhamid wa msikiti wa mtaani, na gharama ni za anayeshtaki.

*

Kompyuta ya Melkiori ilifika Jumapili saa tatu asubuhi juu ya mkokoteni, imefunikwa shuka, ikisindikizwa na watoto kama bibi harusi. Kioo chake kilikuwa kizito kiasi kwamba kilibebwa na watu wawili. Kikawekwa ukumbini juu ya meza ya marehemu, uso kwa wanaume, mgongo kwa pazia. Waya wa simu ya mezani ukachomolewa, ukachomekwa kwenye kidude kidogo chenye taa. Kidude kikapiga kelele kali ya kukwaruza.

"Kinachinjwa?" aliuliza Mzee Pazi, mjomba wa marehemu, aliyekuja kutoka Kisarawe na hakuwa amekwisha kunywa kahawa.

"Kinaongea na London, mzee."

"Basi London wana adabu mbovu."

Ukurasa ulifunguka taratibu, kipande kwa kipande, kuanzia juu. Melkiori alionyesha kifundo na mausi, akasema wasiguse kingine chochote, akaomba ruhusa akahudumie wateja. Wakabaki wanaume watatu mbele ya kioo: shehe, Mzee Pazi na Fikirini. Nyuma ya pazia walikuwa wanawake wawili na birika la kahawa. Mwanamkuu alikuwa amekaa mkekani, kichwa ameinamisha, akisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio.

"Kwanza," alisema Fikirini kwa sauti ya mtu aliyejizoeza, "kikao kijue utaratibu wa nyumba hii. Mke wangu anaingia humu saa moja na hatoki mpaka saa tano. Hata dakika moja hatoki. Nimemwamuru, na mke wangu nikimwamuru jambo limekwisha."

Siwema alikuwa anamimina kahawa. Ilimwagika kidogo kwenye sinia.

"Saa tano anarudi nyumbani kupika. Huyu mama anamngoja aondoke tu. Nusu saa baadaye, tazameni." Kukasikika mausi inabofywa, mara nyingi kupita inavyohitajika. "Jumatano ya tarehe kumi na nne. Sufuri tano, thelathini. Saa tano na nusu. Huyu hapa. Na Jumatano ya tarehe ishirini na moja, saa ile ile. Huyu hapa tena. Na anarudi sufuri saba, yaani saa saba, watu wanatoka Adhuhuri."

"Mimi naona doa jeusi," alisema Mzee Pazi.

"Ndilo yeye, mjomba. Ni buibui."

"Doa lingeweza kuwa mimi nikivaa koti."

"Wewe hukai uani kwake."

"Sikai. Lakini doa halisemi."

Shehe Abdulhamid alikohoa, na ukumbi ukatulia. "Mama Najma, umesikia. Una la kusema?"

Mwanamkuu alikuwa amejiandaa kusema hapana, na kuapa kama angeapishwa. Lakini hakupenda kuapa mahali ambapo angeweza kuuliza.

"Nina swali, shehe. Nguzo ya kamba ya nguo mnaiona?"

"Naiona. Ile nyeupe."

"Jua linawaka?"

"Linawaka sana."

"Kivuli cha nguzo kimefika wapi?"

Kiti kilisogezwa. Shehe alikuwa ameinama kwenye kioo. "Kimelala chini, kimepita ndoo... kimefika mpaka kwenye kizingiti cha jiko."

"Tarehe kumi na nne tu, au zote mbili?"

"Zote mbili."

Mwanamkuu alikuwa ameishi na nguzo ile miaka thelathini. Hakuhitaji saa ya mkononi kujua wakati wa kutia wali au wa kutawadha. Mwezi wa kwanza, saa tano na nusu, kivuli cha nguzo kinakuwa kimejikunja miguuni pake, hatua moja tu. Kinapogusa kizingiti cha jiko ni saa mbili na nusu, uji umekwisha na Siwema anatafuta buibui lake.

Alinyanyua macho. Siwema alikuwa amesimama na sinia. Naye alikuwa ameelewa.

"Endelea, mama," alisema shehe.

Mwanamkuu hakuendelea. Aliona wazi mambo mawili, moja mbele ya jingine. La kwanza, kwamba amejiokoa. La pili, kwamba akimaliza sentensi yake, kitakachofuata ni swali la nani alikuwa na buibui uani saa mbili na nusu, wakati mlinzi ambaye hatoki hata dakika moja yuko zamu. Nyumba ilikuwa upande mmoja, na upande mwingine kulikuwa na mtoto wa watu aliyeuza bangili ili ajifunze kuzima mashine.

"Sina la kuongeza," alisema.

Lakini shehe alikuwa mtu aliyeishi kwa kupima vivuli kabla msikiti haujanunua saa ya ukutani. "Subirini," alisema polepole. "Hiki kivuli si cha saa tano na nusu. Saa tano na nusu jua liko karibu na utosi. Hiki ni kivuli cha dhuha. Saa mbili, saa mbili na kitu."

"Shehe, saa imeandikwa!" Fikirini aligonga kioo kwa kucha. "Mashine ya Uingereza. Haijui kusoma kivuli, lakini kusoma saa inajua. Tuache alichoandika mzungu tufuate nguzo ya kuanikia nguo?"

"Ndiyo kinachonitatiza," shehe alikubali. "Mashine ikosee saa tatu nzima? Dakika tano ningeelewa. Kama hakuna wa kutueleza hilo, mimi siwezi kulitupa lililoandikwa. Mama Najma, kwa mara ya mwisho."

Nyuma ya pazia Mwanamkuu alitikisa kichwa, lakini hakumtikisia shehe. "Siwema," alinong'ona, "peleka kahawa, itapoa."

Siwema aliipeleka. Alipita pazia, akamwekea Mzee Pazi kikombe, akamwekea shehe, akamwekea mumewe. Kisha, badala ya kurudi, alibaki pale pale.

"Haijakosea," alisema.

"Nini hakijakosea?" aliuliza Fikirini.

"Kompyuta. Inayoweka picha iko London, kwa hiyo inaandika saa ya London. Mwezi huu wako nyuma yetu kwa saa tatu. Hiyo sufuri tano na nusu ni alfajiri yao. Ongeza tatu, ni nane na nusu ya kizungu, kwetu saa mbili na nusu asubuhi."

Kosa lenyewe lilikuwa la mtu anayeanza kuhesabu saa zake jua linapochomoza. Mtu wa London akiona 05:30 juu ya jua kali kama lile angeshtuka papo hapo. Fikirini aliona tano na jua, akasoma saa tano, na hakuona kasoro yoyote. Wala wale wazee wawili hawakuiona.

"Kwa hiyo unaongeza tatu," alisema shehe.

"Unaongeza tatu."

"Wewe umeyajulia wapi haya?" Sauti ya Fikirini ilikuwa imepungua.

"Mnazi Mmoja. Kila Jumatano, saa mbili na nusu." Siwema aliweka sinia chini. "Hilo doa ni mimi."

Mzee Pazi alinywa kahawa yake kwa mlio mrefu. "Hata dakika moja hatoki," alisema, akiwa hamtazami mtu.

Fikirini aliinuka, akakaa, akainuka. Alikuwa na njia mbili, kukubali au kuikana mashine aliyoileta mwenyewe, na alichagua ya haraka. "Haiwezekani! Anamkingia kifua mwenzake. Na hii mashine mimi siiamini tena. Saa za London, saa za wapi, nani anajua? Leo unaongeza tatu, kesho utaongeza saba. Picha za kompyuta si ushahidi."

"Si wewe uliyezileta?" aliuliza shehe.

"Nilidanganywa."

"Basi tupime," alisema Siwema. Nyuma ya pazia Mwanamkuu aliisikia ile sauti na hakuitambua. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kutumbukia, sasa anaona bora aogelee. "Tuchukue wakati ambao kila mtu anaujua. Ijumaa, saa saba mchana, uchochoro unakuwa mtupu, wanaume wote wako msikitini. Saa saba kwetu ni kumi na tatu ya kizungu; toa tatu, London ni kumi kamili. Tukiona kumi kamili ya Ijumaa uchochoro mtupu, hesabu ni sahihi."

"Huo ni mtihani mzuri," alisema shehe, ambaye alipenda mitihani.

Siwema akaishika mausi, akabofya, safari hii mara moja tu. Kifundo kilivutwa kushoto, na ghorofa la Alpesh likashuka orofa moja, likashuka ya pili, kuta zikarudi kuwa nguzo. Kikapita Ijumaa za karibuni, kikasimama kwenye moja ambayo hakuna aliyeichagua. Ijumaa ya tarehe kumi na mbili Desemba, kumi kamili.

"Uchochoro mtupu," alisema shehe kwa kuridhika. "Hakuna hata mmoja. Kuna gari tu."

"Gari gani?" aliuliza Mwanamkuu kutoka nyuma ya pazia. Mwenyewe hakujua kwa nini aliuliza.

"Pikapu nyeupe. Boneti ya bluu."

Dar es Salaam ilikuwa na pikapu nyeupe nyingi. Yenye boneti ya bluu, iliyotolewa kwenye gari jingine baada ya ajali, Mtaa wa Narung'ombe uliijua moja tu, na wakati huo ilikuwa imeegeshwa mlangoni.

"Na uani," shehe aliendelea, uso karibu ugusane na kioo, "kuna watu wawili. Mmoja yuko juu ya kigoda. Wameshika... Mzee Pazi, macho yako yanaona mbali. Hiki ni nini kati yao? Uzi?"

"Futi," alisema Mzee Pazi. "Futi ya kupimia. Na aliye juu ya kigoda ana shati la drafti kama hili hapa." Hakunyoosha kidole. Hakukuwa na mashati mengi ukumbini.

Mwanamkuu alihesabu. Walimzika Mwinchande tarehe tatu. Siku ya tisa. Alikumbuka mchana ule, alikuwa juu ya msala chumbani, akasikia nyayo uani, na Fikirini akamwambia kupitia dirishani, kwa upole mwingi, kwamba ni fundi wa maji taka, shemeji, usijisumbue.

"Fikirini," alisema shehe. "Ijumaa ile ya kwanza baada ya mazishi nilikuulizia, kwa sababu tulimwombea dua kaka yako. Uliniambia ulisali Magomeni."

"Shehe, hiyo saa..."

"Ongeza tatu."

"Pengine ilikuwa kabla ya..."

"Kivuli cha nguzo hakipo, Fikirini. Kiko chini ya nguzo. Hata kama ungekuwa na mashine tano."

Siwema alikuwa bado ameshika mausi. "Nivute nyuma kidogo?" aliuliza, kwa heshima kabisa. "Kuna picha za kuanzia Oktoba. Uchochoro wote unaonekana, na mlango wa nyuma wa mgahawa, na ile kona."

Hakuna aliyeuliza kona ipi; kila mwanaume pale aliwahi kupita huko kwa jambo lake. Mzee Pazi alikumbuka ghafla kwamba basi la Kisarawe halimngoji mtu. Shehe alisema, upesi kuliko kawaida yake, kwamba uchunguzi una mipaka na kuchungulia ni haramu. Kikao, ambacho kilitarajiwa kuchukua saa tatu nzima, kiliamua kila kitu kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa: eda ya Mama Najma ni salama, nyumba isiguswe wala isipimwe mpaka binti yake afike, na ile kauli ya kujitoa chini ya ulinzi ifutwe, kwa kuwa aliyeiomba haijamfaa. Kisha shehe alimwagiza Melkiori, aliyekuwa amerudi na mkokoteni wake, amwambie Alpesh ageuze kamera iache nyumba za watu. Melkiori alisema atamwambia. Akauliza pia nani analipa saa mbili za mashine, simu na mkokoteni. Wote walimtazama mwenye shati la drafti.

*

Fikirini aliondoka bila kumwita mkewe. Pikapu iliunguruma, ikazimika, ikaunguruma tena, ikaenda.

Siwema alirudi nyuma ya pazia na kukaa mkekani. "Sasa leo mimi nitalala wapi, dada?"

"Kwani umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa. Hakusema kitu. Afadhali angesema."

"Ungenyamaza, mjinga wewe. Nilishanyamaza kwa niaba yetu wote wawili."

"Ungenyamaza mpaka wakuuzie kitanda."

Mwanamkuu alichukua kikombe cha mwisho cha kahawa, kilichokuwa kimepoa, akampa. Wakakaa. Walipika mchana, wakala kidogo, wakachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Siwema alikuwa anahesabu: kwao ni Rufiji, nauli hana, na mtihani wa Winifrida ni Jumatano. Alipofikia mtihani alianza kulia, na Mwanamkuu akamwacha alie, kwa sababu hesabu yenyewe ilikuwa sahihi.

Baada ya Alasiri pikapu ilirudi. Mlango wake ulifungwa polepole, si kwa kishindo chake cha kila siku. Nyayo zikaja barazani, zikasimama mbele ya pazia.

"Hodi."

"Karibu, shemeji," alisema Mwanamkuu.

"Mke wangu yupo?"

"Yupo. Unamtaka?"

"Namtaka kwa... nina swali nataka kumuuliza." Alivuta pumzi. "Siwema. Shehe amekwenda kuswalisha. Baada ya swala watu wamenitazama vibaya. Sasa. Ile picha. Ya Ijumaa. Inafutika?"

Siwema alijifuta uso kwa kanga. Picha ile ilikuwa London, kwenye mashine ya Sagar, na hakuna mtu Kariakoo nzima, kuanzia Melkiori hadi Winifrida, ambaye angeweza kuigusa hata kwa kijiti. Alijua hilo vizuri. Lilikuwa somo la wiki ya nne.

"Inafutika," alisema.

"Alhamdulillahi. Ifute."

"Sijafika huko. Kufuta ni kozi nyingine."

"Ya muda gani?"

"Miezi mitatu. Na si Jumatano peke yake. Kila siku."

Muuza kashata alipita mtaani akigonga sinia lake, akafika kwenye kona, akaishia. Mwanamkuu alikuwa ameingiza pindo la shela mdomoni, analiuma.

"Inaanza lini?" aliuliza Fikirini.

"Kesho," alisema Siwema.

"Na ada mwalimu anapokea taslimu," aliongeza Mwanamkuu alipoweza kutoa shela mdomoni.

Wakasikia zipu ya pochi ikifunguliwa.